Nduru ya Mtu wa Mbali

Naomba mnivumilie kwa mwandiko huu. Mkono wangu umezoea majani ya chai kuliko kalamu, na herufi r na l bado zinanipotea kama zilivyokuwa zikinipotea darasa la nane, mahali masomo yangu yalipoishia. Kaka yangu amesema atapiga chapa mwenyewe huko Nairobi. Nimemwomba arekebishe herufi tu, maneno ayaache. Mkiona mahali pamepinda, jueni ni mimi.

Kaka ndiye aliyeniambia kwamba ninyi mnaosoma kurasa hizi za muziki wa metal mmeombwa mseme mnachopenda katika ile albamu iliyotolewa upya. Alinisomea kwa simu mliyokwisha kuandika. Mmoja alisema ikianza tu anajisikia mrefu. Mwingine alisema inamwosha kichwa baada ya kazi. Nilifurahi kujua kwamba kuna watu wengine, lakini kila nikianza kuandika yangu nilisimama mstari wa kwanza. Yangu si sifa tupu.

Tunaishi wawili, mimi na mama, upande wa Kimulot, kwenye kashamba ambako baba alikanunua alipoacha kazi ya kiwanda cha chai. Sisi ni Wakisii na majirani wetu wote ni Wakipsigis. Baba alishafariki. Kaka yuko Nairobi anachomelea vyuma. Mama ni sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa. Akiimba ukiwa nje ya lango unamsikia. Mimi sikurithi hata kidogo. Nikiongea, watu huinamisha kichwa kunitafuta. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia nisome mbele ya darasa, nikasoma hadi mwisho, halafu akaniuliza nitaanza lini.

Kaka alipokuja Krismasi aliniachia simu yake ya zamani, na ndani yake kulikuwa na albamu hii, ile ya mwanzo. Nilipoifungua nilidhani simu imeharibika. Nilikuwa nachuma chai, waya ziko masikioni, kofia ya mvua imefunika kichwa, na ukungu umeshuka hadi siwezi kuona mwisho wa mstari wangu. Gitaa zilisikika kama mashine za kuchuma chai zikiwa ng'ambo ya kilima, zote pamoja, bila kupumzika. Ngoma zilikuwa mvua ya mawe juu ya mabati. Na nyuma kabisa kulikuwa na kitu kama upepo chini ya mlango. Nilisikiliza nyimbo tatu kabla ya kujua kwamba ule upepo ni mtu anaimba.

Hapo dhambi yangu ya kwanza. Hapa kwetu mvua ya mawe ni msiba. Ikianza kugonga mabati mama hukaa kitandani akaziba masikio, kwa sababu kila jiwe linaloanguka juu ya nyumba linaanguka pia juu ya chai, na asubuhi majani yatakuwa yamechanika kama yametafunwa. Sasa mimi mtoto wake nilikuwa naitafuta sauti hiyo hiyo, naiweka masikioni kwa mkono wangu, na inaponyesha ndani ya kichwa changu vidole vinachuma haraka na moyo unatulia.

Dhambi ya pili ni maneno. Mimi siyaelewi, lakini nilimuuliza kaka.

"Anasema nini huyu?"

"Anamkataa Mungu."

"Wimbo mzima?"

"Albamu nzima. Wewe usiyashike maneno, sikiliza sauti tu."

Nimejaribu kusikiliza sauti tu. Jumapili, mama akiwa mbele na kitambaa chake cha kwaya, mimi nakaa karibu na mlango na najiona kama mtu aliyeingia na matope.

Lakini mnataka kujua ninachopenda, na nitasema. Napenda kwamba muziki huu hauniombi nicheke. Redio inataka nifurahi, kwaya inataka nifurahi, hata tangazo la mbolea linataka nifurahi. Huyu mtu haniombi kitu. Anatoa yote ambayo mimi siwezi kutoa, na anapomaliza najiona kama nimetoa mimi. Tangu baba azikwe sikuwa nimelia kwa sauti. Kwetu binti akifika kwenye msiba wa baba yake huingia akilia, watu wamsikie tangu barabarani. Mimi niliingia kimya, na shangazi zangu waliona. Nilipomsikia mtu huyu, nilisema moyoni, basi, kuna anayelia kwa niaba yangu.

Sasa kuhusu hili toleo jipya. Kaka alinitumia, akaniambia wamelisafisha. Alisema kwenye kundi lenu watu wanagombana, wengine wanasema limeharibiwa. Mimi siwezi kugombana, ila naweza kusema nilichosikia. Katika lile la mwanzo mwimbaji alikuwa upepo. Katika hili wamemvuta mbele, na kabla ya kila kilio unamsikia akivuta pumzi. Pumzi ndogo, kama ya mtu anayetaka kuinua gunia. Mara ya kwanza niliposikia pumzi ile niliacha kuchuma. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba ana kifua.

Kaka aliniambia pia kwamba mmoja wenu ameandika kuwa nyimbo hizi hazifai kusikilizwa karibu, ni za kusikilizwa kutoka mbali, kama kitu kinachotoka ng'ambo ya bonde. Maneno hayo yalinikaa. Kwa hiyo siku moja mama alipoenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, nilichukua spika yake ndogo, ile anayochezea nyimbo za mazoezi ya kwaya, nikaiweka dirishani ikitazama bonde. Nikaunganisha simu, nikapandisha sauti hadi mwisho, halafu nikashuka katikati ya chai kusimama mbali.

Spika ile ni ya saizi ya mkate. Haina nguvu ya kubeba gitaa wala ngoma. Nilipofika chini sikusikia mashine, sikusikia mvua ya mawe. Kilichofika kilikuwa ni mtu mmoja anapiga nduru.

Na mimi, nawaambia ukweli, niliona ni vizuri sana. Nilisimama nimefumba macho.

Nilipofumbua niliona chai ng'ambo ya kijito inatikisika. Watu walikuwa wanapita katikati ya vichaka bila kufuata njia. Wa mbele alikuwa kijana mmoja jirani ambaye huchuma kwa kibarua, kikapu bado kiko mgongoni, majani yanamwagika, panga mkononi. Nyuma yake wanaume wawili na rungu. Nyuma yao mama mzee wa boma la chini, ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya, amekuja bila viatu, mwiko wa ugali mkononi na unga hadi kwenye kiwiko.

Yeyote wa huku hahitaji kuelezwa. Nduru ikipigwa huulizi ni ya nani. Unaacha ulichoshika, unaenda. Na nyumbani kwetu hakuna mwanaume, kwa hiyo mwanaume anayelia hivyo ndani ya nyumba yetu ni ama mwizi amekamatwa ama mtu anauawa.

Walinipita wakaingia uani. Nilikimbia nyuma yao nikisema, "Hakuna kitu, hakuna kitu," lakini mnajua sauti yangu.

"Toka nje!" kijana wa panga alikuwa anauambia mlango wetu. "Toka, tumekuzunguka!"

Ndani mtu akavuta pumzi, akalia tena.

"Anachinjwa," akasema mmoja wa wanaume wale. "Vunja!"

"Ni wimbo," nikasema.

Walinigeukia wote.

"Ni nini?"

"Ni wimbo. Iko kwa spika."

Kijana alienda dirishani, akaitazama spika, akaigusa kwa ncha ya panga kama nyoka ambaye huna hakika amekufa. Nikaizima. Ukawa unasikia tu watu wakihema.

"Wimbo," akasema kijana. "Mtu analia hivi na mnaita wimbo. Huyu alikanyagwa na ng'ombe ama ni jino?"

Mwingine alianza kucheka, akakaa chini palepale kwenye nyasi, rungu kati ya miguu. "Mimi nimeacha maziwa jikoni. Saa hii yanamwagika. Nimekuja kuokoa redio."

Kogo peke yake hakucheka. Alikuwa bado ananitazama, mwiko umeinuliwa.

"Huyo mtu yuko wapi?"

"Yuko mbali, Kogo. Ulaya."

"Na alipolia hivyo, walienda?"

"Nani?"

"Majirani wake."

Nikasema, "Sijui, Kogo. Nafikiri alilipwa."

"Alilipwa kulia," akasema Kogo, na akawatafsiria wengine kwa Kikipsigis, wakacheka tena.

Niliwapikia chai. Sikuona njia nyingine. Mtu akikujia mbio hivyo humwachi arudi na koo kavu. Walikaa uani na vikombe vyetu, panga limelazwa kwenye nyasi, na wakaanza mazungumzo ya bei ya maziwa, na mimi nilikuwa nazunguka na birika bila kuinua macho. Ndipo mama alipotokea barabarani.

Kitu hiki ndicho kinachoniamsha usingizini. Mama aliona watu uani kwetu kutoka mbali, wanaume na rungu, Kogo amekaa chini. Hakuniona mimi, nilikuwa jikoni. Alichodhani nadhani mnakijua. Kuna uchaguzi mmoja wa fujo za kabila nilipokuwa bado mgongoni ambao mama haongei habari zake, na sijui kama aliwaza huo, au aliwaza tu kwamba nimekufa. Alikuja akikimbia na kitambaa cha kichwa kimeanguka, ameshika viatu mkononi. Hakulia. Alikuwa amefungua mdomo, lakini hakikutoka kitu.

"Mama Kisii, pole pole," Kogo alimwambia. "Mtoto yuko. Ni mzungu tu alikuwa anakufa hapa kwako."

Nilitoka na birika. Mama aliniona, akakaa chini mahali aliposimama.

Walipoondoka aliwashukuru mmoja mmoja hadi langoni. "Kongoi," alisema kwa lugha yao, "kongoi sana." Aliporudi nilingojea kupigwa, ingawa mimi si mtoto tena. Alikusanya vikombe. Akasema, huku amenipa mgongo:

"Unajua tangu baba yako afe sijawahi kupiga nduru?"

"Ndiyo, mama."

"Mwizi wa kuku alikuja, sikupiga. Ulipougua ile homa, sikupiga. Nilikuwa naiweka. Nilikuwa nasema, siku ikija, hawa watakuja ama hawatakuja, nitajua siku hiyo." Akavisuuza vikombe. "Leo wamekuja. Hata Kogo na miguu yake. Na wewe umeitumia nduru yetu kwa spika."

Ningependelea kupigwa.

Baada ya hapo utani ulihamia kwenye kituo cha kupimia majani. Nikifika na kikapu, vijana wanavuta pumzi kwa nguvu, halafu mmoja analia kama mbuzi. "Leteni panga, msanii amefika!" Mwanamke mmoja aliniambia, "Wewe dada usiyeongea, kumbe unafuga mtu wa kukuongelea." Nilicheka nao. Hawakuwa wabaya. Lakini nilijua wanaporudi makwao wamekwisha kukubaliana juu ya kitu fulani: kelele za kwa Mama Kisii ni za simu.

Mama pia alijua.

Msimu wa mvua ulikuja. Siku moja nilipeleka majani kituoni, lori likachelewa, tukakaa kwenye foleni hadi nguo zikalowa. Mama alibaki akichuma sehemu ya chini karibu na kijito. Niliporudi nilikuta jiko limepoa na mlango umefungwa kwa nje. Niliita, kwa sauti yangu hii, nikashuka nikifuata mistari.

Alikuwa kwenye mtaro. Aliteleza kwenye utelezi wa ukingo, mguu ukajikunja chini yake, na maji ya mvua yalikuwa yanapita juu ya sketi yake. Kikapu alikuwa amekisimamisha pembeni vizuri, hakuna jani lililomwagika. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu.

"Tangu saa ngapi, mama?"

"Tangu ukungu ushuke."

Ukungu ulikuwa umeshuka nikiwa bado sijafika kituoni. Kutoka kwenye mtaro ule unaona moshi wa jiko la Kogo. Tulikuwa tunamsikia akimgombeza ndama wake.

"Mbona hukupiga nduru?"

"Nilifungua mdomo. Nikaona watasema ni ile simu yako."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba duka limefungwa.

Sikuweza kumwinua peke yangu. Mtu yeyote mwingine angesimama palepale akapiga nduru. Nami nilisimama, nikavuta pumzi, na niliisikia pumzi yangu, ilikuwa kama ile ya albamu kabisa. Halafu sikulia. Nimejiambia mara nyingi kwamba ni kwa sababu sauti yangu ni ndogo. Si hivyo. Niliogopa kulia halafu ng'ambo pakae kimya, na mama awe amelala mtaroni akisikia ule ukimya. Nikakimbia badala yake, nikavuka kijito, nikamshika Kogo mkono bila kusalimia.

Kogo na mwanawe walikuja na toroli. Walimweka mama juu ya magunia, wakamsukuma hadi barabarani, na hospitalini waliona mfupa umevunjika wakaufunga plasta. Njia nzima Kogo alikuwa anamgombeza kuliko ndama.

"Unakaa kwenye maji kama chura, na mimi niko hapo!"

"Nilidhani mtachoka na sisi," mama akasema.

"Tuchoke na nini?"

"Na zile kelele."

"Wewe ungelia na sauti yako ya kanisa. Kuna mtu hajui sauti yako? Yule mzungu hawezi hata kushika sauti moja."

Mwanawe alicheka hadi toroli likayumba, na mama naye akacheka kidogo, ameuma kitambaa kwa uchungu. Nilifikiri basi, limekwisha, nduru yetu imerudi.

Haikurudi. Mama sasa anakaa mlangoni na plasta yake, nami ninachuma sehemu zote mbili. Kanisani hajaweza kwenda, lakini wanakwaya wenzake walikuja kumwona, akaimba nao akiwa ameketi, na sauti ilikuwa ileile. Ni nje tu ndipo haitoki. Jana ng'ombe wa jirani aliingia kwenye chai yetu. Zamani angepiga kelele moja tu na mwenye ng'ombe angetoka mbio. Nilikuwa juu ya kilima nikaona jinsi mama alivyosimama kwa fimbo, akafungua mdomo, akaufunga. Akaingia ndani akatoka na sufuria na kijiko, akawa anaigonga. Ng'ombe alimtazama tu.

Nimemwambia mama kwamba Kogo anaijua sauti yake na watakuja. Anasema, "Najua." Nimemwambia tuijaribu nduru siku moja, tuwaambie majirani kwanza. Alinitazama kama mtu niliyemwambia tujaribu kuzika.

Na albamu bado naisikiliza. Ningependa kuwaandikia kwamba nimeifuta, lakini sijaifuta. Naisikiliza kwa sikio moja, lile lingine nimeliacha wazi upande wa mama. Lile la mwanzo nalisikiliza hadi mwisho. Hili jipya siwezi, kwa sababu ya pumzi. Kila anapovuta pumzi mwili wangu unataka kwenda, na hakuna mahali pa kwenda. Wengine wenu mmesema toleo hili limemleta karibu, na mnalipenda kwa sababu hiyo. Nawaamini. Mimi limeniletea mtu karibu ambaye siwezi kumfikia, na kumnyamazisha yule ambaye ningeweza.

Kwa hiyo naomba mniandikie. Sitaki kujua ni toleo gani zuri zaidi. Nataka kujua kama kuna mmoja wenu ambaye nyumbani kwao watu waliwahi kuacha kuita, na ni nini kilichowafanya waite tena. Andikeni kupitia kwa kaka, atanisomea au atanitumia. Mkituma mwandiko wa mkono, tafadhali herufi ziwe kubwa na zisishikane. Mimi husoma polepole, na safari hii mama ameniomba nimsomee majibu kwa sauti.